Nahodha wa Kukodi: Uundaji wa Kongani ya Makontena Katika Wingu la Umma na Mipaka ya Dhima

IKISIRI

Makala haya yanafafanua hatua za kuunda kongani ya makontena inayosimamiwa na mtoa huduma katika wingu la umma. Mfano unaotumiwa ni huduma ya Google Kubernetes Engine. Hoja ya msingi ni kwamba anayekodi kongani ya aina hii hukodi chombo na nahodha wake tu; shehena hubaki kuwa yake, na dhima juu ya shehena hiyo haihamishiki. Aidha, makala yanaonyesha kwamba msamiati wa bahari, ambao Kiswahili kimekuwa nao kwa karne nyingi, unafaa sana kulifundishia somo hili.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za tarakilishi. Maneno kama tovuti, barua pepe, kipakatalishi na nywila yameingia katika vitabu vya kiada na yanatumiwa bila kutatiza. Hata hivyo, jitihada hizo zimeelekea zaidi upande wa mtumiaji, yaani mtu anayefungua ukurasa na kubonyeza vitufe. Upande wa mjenzi, yaani yule anayeweka programu mahali ambapo maelfu ya watu wanaweza kuifikia, umezungumziwa kwa uchache.

Upungufu huu una athari. Chama cha wanafunzi kinachotaka kuchapisha kamusi au hazina ya fasihi simulizi mtandaoni hulazimika kumwachia mtu mwingine kazi nzima. Kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwa lugha wanayoifahamu vyema, wanachama hawajui walichokodi, wanacholipia, wala anayewajibika data ikipotea. Makala haya yanakusudia kuuziba ufa huo. Na ichukuliwe kwamba chama fulani cha Kiswahili kina kamusi ya istilahi yenye maingizo elfu kadhaa, na kinataka kuiweka mtandaoni ili wanafunzi waitumie usiku na mchana.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

2.1 Kontena

Neno kontena linafahamika kwa yeyote aliyewahi kupita karibu na bandari ya Kilindini. Kabla ya kontena, mizigo ilipakiwa melini gunia kwa gunia na pipa kwa pipa. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Mageuzi yaliyofuata yalitokana na jambo moja sahili: winchi haihitaji kujua kilichomo ndani. Kahawa, vitabu au vipuri, vyote huinuliwa kwa namna moja kwa sababu kasha lina vipimo vinavyojulikana.

Kontena la programu hufuata mantiki iyo hiyo. Programu hufungashwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi: maktaba za msimbo, mipangilio na faili saidizi. Kifurushi hicho huitwa taswira. Taswira inapoendeshwa ndipo kontena linapopatikana. Mwanaisimu anaweza kuilinganisha tofauti hii na ile iliyopo baina ya leksimu na tukio la neno linapotamkwa. Leksimu ni moja nayo hudumu. Matamshi ni mengi nayo hupita. Vivyo hivyo, taswira moja huweza kuzaa makontena kumi, na kontena moja likifa taswira haidhuriki.

Makontena yaliyo katika mashine moja hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi, lakini kila moja huona kana kwamba liko peke yake. Kwa sababu hii ni mepesi kuliko mashine pepe, ambazo kila moja hubeba mfumo endeshi wake mzima. Mbinu za kutenga programu kwa njia hii zilikuwapo tangu awali, ila zilienea mno baada ya zana ya Docker kutolewa mwaka 2013.

2.2 Kongani

Mashine kadhaa zinapounganishwa zifanye kazi kama moja, huhitajika neno la kuutaja mkusanyiko huo. Neno kundi ni pana mno, kwani huweza kuwa kundi la ng'ombe au la waimbaji. Klasta ni utohozi tu na halimwambii msomaji lolote. Nchini Tanzania neno kongani limezoeleka katika kauli kama kongani ya viwanda, yaani viwanda vilivyokusanywa mahali pamoja vikitumia barabara, maji na umeme kwa ushirika. Maana hiyo inakaribiana sana na inayotafutwa hapa. Makala haya kwa hivyo yanatumia kongani. Kila mashine ndani ya kongani inaitwa nodi.

2.3 Wingu la Umma

Istilahi wingu la umma huweza kumpotosha msomaji mara mbili. Kwanza, hakuna wingu: kuna majengo yaliyojaa seva, yanayotumia umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto. Pili, mali hiyo si ya umma. Ulinganifu mzuri ni wa matatu. Matatu huitwa gari la usafiri wa umma, ilhali lina mwenyewe. Umma wake uko katika kwamba yeyote mwenye nauli anaweza kupanda. Wingu la umma ni hivyo hivyo. Kampuni humiliki mashine, na yeyote mwenye njia ya kulipa anaweza kuzikodi kwa saa au hata kwa sekunde.

3.0 Kubernetes na Muundo wa Kongani

Makontena yakiwa matatu, mtu mmoja aweza kuyaangalia. Yakiwa mia tatu, anahitajika wa kuyapanga. Google ilitangaza programu ya Kubernetes mwezi Juni 2014, na toleo la 1.0 likatoka Julai 2015. Jina hili ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Neno hilo hilo liliingia katika Kilatini kama gubernator, likapitia Kifaransa na Kiingereza, na hatimaye likafika katika Kiswahili kwa umbo la gavana. Mkenya anapomtaja gavana wa kaunti yake anatumia, pasi na kujua, jina la programu hii.

Kiswahili kina maneno yake ya kazi hiyo: nahodha, lenye asili ya Kiajemi, usukani na rubani, yenye asili ya Kiarabu. Rubani ni mfano muhimu kwa mwanafunzi wa istilahi. Neno hili la baharini lilipanuliwa maana likapewa mwendeshaji wa ndege, na hakuna anayelishangaa leo. Hakuna kizuizi cha kuupanua msamiati wa bahari kwa mara nyingine.

Kongani ya Kubernetes ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitengo cha uongozi, nacho ndicho nahodha. Ndani yake mna seva ya API, ambayo ni mlango wa pekee wa kupitishia maombi. Mna mpangaji, anayeamua nodi ipi ibebe mzigo upi. Mna wasimamizi, wanaolinganisha hali iliyokusudiwa na hali iliyopo. Na mna etcd, hifadhi inayoweka kumbukumbu za hali nzima ya kongani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Etcd ndiyo daftari hilo. Aghalabu huwekwa nakala tatu au tano, nazo huchagua kiongozi mmoja wa kuidhinisha maandishi, kwa sababu manahodha wengi chombo huenda mrama.

Sehemu ya pili ni nodi zenyewe, ambazo hubeba podi. Podi ni kipashio kidogo kabisa ambacho Kubernetes hukishughulikia. Huwa na kontena moja au zaidi yanayoishi na kufa pamoja, kama punje ndani ya ganda moja la mbaazi.

Jambo la kuzingatia zaidi ni namna ya kuamuru. Mtumiaji haiambii Kubernetes ifanye nini hatua kwa hatua. Huiambia hali anayoitaka iwe. Akiandika kwamba anataka podi tatu za kamusi, wasimamizi huhesabu. Wakizikuta mbili huongeza moja. Wakizikuta nne hupunguza moja. Kazi hii haikomi. Kisarufi, amri hapa si ya hali ya kuamrisha bali inakaribia dhamira tegemezi: haisemwi "anzisha podi", husemwa "podi na ziwe tatu".

4.0 Hatua za Kuunda Kongani

Mtu anaweza kuijenga kongani mwenyewe tangu msingi, lakini kitengo cha uongozi huhitaji uangalizi wa kila siku. Ndiyo sababu watoa huduma hukodisha kongani inayosimamiwa. Google ina GKE, Amazon ina EKS na Microsoft ina AKS. Hatua zifuatazo ni za GKE, ingawa mpangilio wake unafanana na wa hizo nyingine.

4.1 Mradi, malipo na tahadhari

Hatua ya kwanza ni kufungua mradi na kuuambatisha na akaunti ya malipo. Kabla ya jambo lolote jingine, iwekwe bajeti yenye tahadhari. Ieleweke, hata hivyo, kwamba tahadhari hutuma ujumbe tu; haisimamishi matumizi. Ni mbiu ya mgambo, si kufuli. Baada ya hapo huduma yenyewe huwashwa kwa amri hii:

gcloud services enable container.googleapis.com

4.2 Uchaguzi wa eneo

Kongani lazima iwe mahali halisi duniani. Google ilifungua eneo la Johannesburg, liitwalo africa-south1, mwezi Januari 2024. Amazon ilikuwa imefungua la Cape Town mwaka 2020, na Microsoft yake ya Afrika Kusini mwaka 2019. Eneo huwa na kanda kadhaa zilizotengana, ili umeme ukikatika katika kanda moja nyingine ziendelee. Uchaguzi wa eneo una pande tatu: umbali wa data kumfikia msomaji, bei, na sheria. Upande wa sheria utarejelewa katika sehemu ya 5.0.

4.3 Uchaguzi wa namna ya usimamizi

GKE ina namna mbili. Katika namna ya kawaida, mteja huchagua aina na idadi ya nodi, na hulipia nodi zote ziwe na kazi au zisiwe nayo. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kongani ya kieneo huweka nodi tatu katika kila kanda isipoelezwa vinginevyo. Kanda zikiwa tatu, anayedhani ameomba nodi tatu hujikuta akilipia tisa. Katika namna ya pili, iitwayo Autopilot na iliyoanzishwa mwaka 2021, Google husimamia nodi pia, na mteja kwa kawaida hulipia kiasi cha kichakataji, kumbukumbu na hifadhi ambacho podi zake zimeomba. Kwa chama kisicho na mhandisi, namna hii ya pili inafaa zaidi.

Juu ya hayo kuna ada ya usimamizi ya dola 0.10 kwa saa kwa kila kongani, sawa na dola 72 kwa siku 30. Google hutoa nafuu ya dola 74.40 kwa mwezi kwa kila akaunti ya malipo, ambayo hufidia ada ya kongani moja ya Autopilot. Nafuu hiyo haigusi gharama ya podi.

4.4 Kuunda na kuunganisha

Amri ya kuunda kongani iitwayo kamusi ni fupi:

gcloud container clusters create-auto kamusi --location=africa-south1

Baada ya dakika kadhaa kongani huwa tayari. Ili zana ya kubectl iweze kuzungumza nayo, huletwa hati za utambulisho:

gcloud container clusters get-credentials kamusi --location=africa-south1

Ufupi wa amri hizi usimhadae msomaji. Kwa mstari mmoja ameamuru kitengo cha uongozi chenye nakala katika kanda kadhaa, daftari la etcd na mtandao wa ndani. Hayo yote sasa ni kazi ya mtoa huduma.

4.5 Kupakia shehena

Taswira ya kamusi hutengenezwa na kupelekwa katika ghala la taswira, ambalo kwa Google huitwa Artifact Registry. Kila taswira ipewe lebo ya toleo lake, kwa mfano 1.0 au 1.1. Lebo isiyobadilika kila mara, ile inayomaanisha tu "ya mwisho", hufanya iwe vigumu kujua ni toleo lipi linaloendeshwa, na vigumu zaidi kurudi nyuma kosa linapotokea.

Kisha huandikwa faili ya maelezo. Ndani yake hutajwa mambo manne: taswira ya kutumia, idadi ya podi, tuseme tatu, kiasi cha kichakataji na kumbukumbu ambacho kila podi inaomba, na swali la afya, yaani anwani ambayo kongani itaibisha kila baada ya muda kuhakikisha kwamba programu ingali hai. Sehemu ya pili ya faili hiyo hueleza huduma yenye kisawazishi mzigo, ambacho hupewa anwani ya nje na kugawa maombi ya wasomaji kwa podi zilizopo. Faili hiyo hukabidhiwa kongani hivi:

kubectl apply -f kamusi.yaml

kubectl get pods

Amri ya pili huorodhesha podi zilizopo. Zoezi linalofaa kwa anayejifunza ni kuifuta podi moja kwa makusudi, kisha kuorodhesha tena. Ataona podi mpya yenye jina tofauti imeshaanza kushika nafasi ya iliyofutwa. Hapo ndipo dhana ya hali iliyokusudiwa hueleweka bila maelezo zaidi.

4.6 Kufunga

Majaribio yakiisha, kongani ifutwe. Pia zikaguliwe diski na visawazishi mzigo vilivyoundwa, kwani baadhi huweza kubaki nje ya kongani na kuendelea kutozwa. Ni sawa na abiria aliyeshuka akasahau kwamba mzigo wake ungali ghalani, na ghala hutozwa kwa siku.

5.0 Mipaka ya Dhima

Sehemu hii ndiyo kiini cha makala. Neno inayosimamiwa huwafanya wengi waamini kwamba wamekabidhi kila kitu. Ukweli ni kwamba mtoa huduma hushika usukani tu. Mambo manne yafuatayo hubaki kwa mwenye shehena.

Kwanza ni data. Kinachoandikwa ndani ya kontena hupotea kontena linapokufa. Maingizo ya kamusi kwa hivyo yawekwe katika diski ya kudumu au katika hifadhidata iliyo nje ya podi. Hata hivyo, hilo halitoshi. Wengi hudhani kwamba podi tatu ni akiba tatu. Sivyo. Podi tatu husoma hifadhidata ile ile. Mhariri akifuta maingizo mia tano kwa bahati mbaya, zote tatu zitaionyesha hasara hiyo kwa uaminifu mkubwa. Wingi wa podi hulinda huduma isikatike. Haulindi data isipotee. Nakala ya akiba ni jambo jingine, nalo lazima lipangwe na lijaribiwe kwa kurejesha data, si kwa kutumaini.

Pili ni siri na ruhusa. Kubernetes ina mahali pa kuwekea nywila, lakini thamani zake huandikwa kwa mfumo wa base64. Huo ni mtindo wa uandishi tu, si fumbo. Yeyote anayepewa faili anaweza kuisoma kwa sekunde. Faili zenye siri zisiwekwe pamoja na msimbo unaogawiwa watu. Vilevile kila mwanachama apewe ruhusa inayolingana na kazi yake. Mhariri wa maingizo hana haja ya uwezo wa kuifuta kongani.

Tatu ni matoleo. Kubernetes hutoa takribani matoleo matatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa muda wa miezi 14 hivi. GKE huwa na mikondo ya kusasisha, kuanzia wa haraka hadi wa uthabiti, na mteja huweza kutaja saa ambazo matengenezo yafanywe. Nahodha atabadilisha tanga, lakini ni mwenye shehena anayepaswa kuhakikisha kwamba programu yake haitegemei kipengele kilichoondolewa. Kuchelewa kuna gharama: katika EKS, kongani iliyobaki na toleo lililopitwa na muda wa kawaida hutozwa dola 0.60 kwa saa badala ya 0.10. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne ni sheria. Iwapo kamusi inawasajili wasomaji kwa majina na anwani za barua pepe, hiyo ni data ya kibinafsi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kuhamisha data kama hiyo nje ya nchi. Seva iliyo Johannesburg iko nje ya nchi. Mtoa huduma husaidia kwa mikataba na vyeti vyake, lakini aliyeamua kuikusanya data ni chama, na ndicho kitakachoulizwa. Njia nyepesi ya kupunguza mzigo huu ni kutokusanya kisichohitajika. Kamusi haihitaji kujua jina la anayetafuta maana ya neno.

Inafaa kuongeza suala la tano, ambalo hutangulia yote: je, kongani inahitajika? Kamusi yenye wasomaji mia kwa siku huweza kukaa katika seva moja ndogo kwa gharama ya chini. Kongani hustahili pale ambapo huduma ni kadhaa, wasomaji hupanda na kushuka, au kukatika kwa dakika chache kuna madhara, kwa mfano wakati wa mitihani. Hakuna haja ya kukodi meli kuvusha kikapu kimoja kivukoni Likoni.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuunda kongani inayosimamiwa ni kazi ya amri chache, bali kuimiliki ni kazi ya uamuzi wa kudumu. Mtoa huduma hutunza kitengo cha uongozi na, katika Autopilot, nodi pia. Data, siri, ulinganifu wa matoleo na utiifu wa sheria hubaki kwa mteja. Chama kinachoingia mkataba huo bila kuitambua mipaka hii kitaitambua siku ya hasara.

Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba istilahi zinazohitajika ama zipo tayari, kama vile kontena, shehena, usukani na ghala, au hupatikana kwa kupanua maana na kutohoa kwa kiasi, kama vile kongani, nodi na podi. Amri zenyewe zitaendelea kuandikwa kama zilivyo, kama alama za muziki au fomula za kemia. Kinachopaswa kuwa cha Kiswahili ni ufahamu. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili na wale wa sayansi ya tarakilishi katika vyuo vyetu washirikiane kuandaa faharasa ya istilahi za upande wa mjenzi, na kila istilahi ijaribiwe kwa kufundishia kazi halisi kabla ya kuchapishwa. Istilahi ambayo haijawahi kutumiwa kumwelekeza mtu afanye jambo ni chombo ambacho bado kingali ufukweni.